Alhamisi za Mwalimu Ulizeni

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane mwezi wa kumi na moja, mwalimu wetu wa Jiografia anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha katika shule hii hii moja. Katika muda huo amefanya kazi chini ya wakuu wa shule watano, ameona paa la maktaba likiezuliwa na upepo mara mbili, na hajawahi kukosa kipindi cha kwanza isipokuwa siku aliyojifungua mapacha. Hata siku hiyo alimtuma mumewe, sasa marehemu, alete ramani ya darasa. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Ulizeni. Jina hilo limemganda kiasi kwamba mgeni akifika akamtaja kwa jina lake halisi, karani wa mapokezi humwambia huenda amekosea shule.

Kamati ya sherehe iliniomba niandike ukurasa mmoja, kwa uchangamfu. Mkuu wa shule naye alinisimamisha kwenye veranda akanikumbusha nisisahau kutaja kwamba Mwalimu Ulizeni ndiye mwasisi wa Siku ya Huduma. Uchangamfu nimeujaribu mara tatu, na mara tatu nimeichana karatasi. Nina hasira. Nina hasira na mkuu, nina hasira na sisi tuliofyata ulimi katika ofisi ya walimu, na aliye juu kabisa ya orodha ni mimi mwenyewe, mwalimu wa hisabati na mwenye ratiba ya shule. Kwa kuwa ndimi pia ninayechapa vijitabu vya sherehe, nimejiongezea kurasa. Siku ya Huduma si kazi yake, na jina lake lisibandikwe hapo. Kazi yake ni Alhamisi, na tusipoangalia, Alhamisi hiyo itatoka langoni pamoja naye Ijumaa huku sisi tukipiga makofi.

Alipokuja hapa alikuwa binti mwembamba mwenye sauti ya kuamsha darasa la jirani. Alifundisha ramani kwa ukali ambao mpaka leo unasimuliwa. Mwenzetu mmoja wa michezo alipooa, alimpelekea kadi ya mwaliko yenye mchoro wa njia ya kwenda ukumbini. Kadi ilirudi kesho yake ikiwa na wino mwekundu: mchoro haukuonyesha kaskazini. Harusini alifika, akacheza kuliko maharusi, lakini alama hakumpa.

Mwaka wake wa tatu aliwatoa kidato cha pili nje ya lango na kuwaambia wachore mitaa ya nyuma ya shule, nyumba kwa nyumba. Kila nyumba anayoishi mtu peke yake waliiwekea nukta. Kutoka langoni mpaka sokoni zilipatikana nukta kumi na saba. Wanafunzi walikuwa wamezipita nyumba hizo kila siku tangu utotoni, na walipoitundika ramani ukutani kila mmoja alitafuta nukta iliyo karibu na kwao. Ndipo alipoomba vipindi viwili vya mwisho vya kila Alhamisi, ili wanafunzi wajifunze kuwatumikia watu wa nukta zile. Mkuu wa wakati huo alimkubalia, nadhani kwa sababu Alhamisi mchana hakuna anayefundishika.

Alianza kwa kukosea, na kosa hilo alikuwa akiwasimulia wanafunzi wapya kila mwaka mpaka machozi ya kicheko yamtoke. Alhamisi ya kwanza kabisa aliwachukua wasichana watatu, akawabebesha mche wa sabuni na taulo jipya, wakapanda ngazi arobaini na moja hadi ghorofa ya tatu kwa bibi mmoja aliyekuwa mpokea simu wa zamani. Bibi alifungua mlango, akautazama mzigo, akawatazama wao.

"Mmekuja na sabuni," akasema. "Kwani nanuka?"

Mlango ukafungwa. Mwalimu alisema kwamba siku hiyo hakucheka hata kidogo. Alishuka zile ngazi na wasichana wake wakiwa wamenywea, akalala na aibu hiyo wiki nzima. Alhamisi iliyofuata alirudi peke yake, mikono mitupu, akabisha hodi na kumuuliza yule bibi kitu kimoja tu: ni jambo gani unalolifanya kwa taabu ambalo tukikusaidia litakuwa jepesi. Bibi alifikiri, kisha akasema kitanda chake kiko chini ya dirisha linalovuja na hana nguvu ya kukisogeza. Jambo la pili, hana wa kucheza naye karata. Sabuni alikuwa nayo, nyingi tu.

Kutoka hapo yalizaliwa masharti matatu ambayo kila mwanafunzi aliyepita hapa anaweza kuyataja akiwa usingizini. Ziara ya kwanza ni mikono mitupu na swali, basi. Anayeanza nyumba moja haiachi mpaka mwaka uishe, hata kama mwenye nyumba ni mkali. Na usiondoke kabla mwenye nyumba naye hajakufundisha kitu, kwa sababu, alisema, mtu anayepokea tu kila siku anachoka kukuona. Yule bibi wa ghorofa ya tatu aliwafundisha wasichana kupokea simu: jinsi ya kusalimia, jinsi ya kumwambia mtu asubiri bila kumuudhi. Karani wetu wa mapokezi, mnayemsifu kila mkutano wa wazazi kwa ulimi wake mtamu, aliupata ulimi huo kwenye ghorofa ya tatu.

Sitahesabu wanafunzi waliopita Alhamisi, ingawa kuhesabu ndiyo kazi yangu. Nitasema tu kwamba kwa karibu miaka thelathini, nukta moja ikifutwa nyingine ikichorwa, watoto wetu walijua majina ya majirani wa shule, na majirani walijua majina yao, na mwanafunzi akitoroka darasani hafiki mbali kabla mtu hajamwuliza kutoka dirishani kwamba leo si Alhamisi, unakwenda wapi.

Kisha miaka miwili iliyopita tukapata mkuu mpya, na mkuu mpya akaja na Siku ya Huduma. Siku moja kwa mwaka. Fulana za kijani zenye nembo ya shule, bango la mita sita, mpiga picha, mgeni rasmi, na vyeti vilivyochapwa kabla ya kazi yenyewe kufanyika. Safari ya kwanza tulipelekwa zahanati ya jirani kupaka rangi chumba cha kliniki ya watoto. Mwalimu Ulizeni aliuliza, mbele yetu sote, kama zahanati imesema inataka rangi. Mkuu akajibu kwamba nani asiyependa ukuta safi. Mwalimu akakataa fulana, akabaki shuleni kusahihisha madaftari. Baadhi yetu tulimwona mkaidi. Mimi nilikuwa mmoja wao, na niliambiwa nisimamie upakaji.

Sasa nieleze kosa langu, maana halijawahi kuandikwa mahali popote na picha za siku ile zinapendeza mno. Tulikuwa na wanafunzi sitini na brashi kumi. Ilikuwa Jumamosi, wahudumu hawapo, mlinzi akatufungulia. Kwenye ukuta ulio karibu na mlango kulikuwa na mistari ya kalamu nyeusi, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja na namba yake. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama tuipake rangi juu. Nilimwambia apake, ni watoto watundu wamechora. Mimi, mwalimu wa hisabati, niliona mistari iliyopangwa kwa vipimo sawa na namba zinazopanda kwa mpangilio, nikadhani ni utundu wa watoto. Tulipaka mara mbili, ili isionekane kabisa.

Ule ulikuwa ubao wa kupimia urefu wa watoto. Ubao halisi wa mbao ulivunjika zamani, na nesi wa zahanati alikuwa ameuchora upya ukutani kwa mkono wake, sentimeta kwa sentimeta. Kwa mistari ile alijua mtoto yupi anakua na yupi amekwama. Jumatatu akina mama walifika na watoto wao, wakakuta ukuta mzuri wa rangi ya maziwa.

Nesi huyo alikuja shuleni mchana wa siku ile ile, bado amevaa sare. Hakumtafuta mkuu. Alikuja moja kwa moja ofisi ya walimu, na wengi wenu hamjui kwamba yeye ni mmoja wa wale wasichana watatu waliobeba sabuni kupanda ngazi arobaini na moja. Alimwamkia Mwalimu wake kwa heshima, shikamoo na yote, kisha akatugeukia sisi wengine.

"Mlikuwa watu sitini," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyeuliza ile mistari ni ya nini. Na mimi kuuliza nilifundishwa hapa hapa."

Aliaga, akaondoka. Nilingoja Mwalimu Ulizeni anitazame kwa jicho la si nilikwambia. Hakunitazama hivyo. Aliendelea kusahihisha, akafika mwisho wa daftari alilokuwa nalo, akalifunga, akaniambia Alhamisi nisipange kitu kingine na nibebe futi ya chuma ile ndefu ya darasani. Tulikwenda yeye, mimi na wanafunzi watatu. Hodi tulibisha. Tulimwuliza nesi anataka nini, na akasema anataka mistari yake, na kama tukipata muda, akina mama wanakosa benchi, wanasimama na watoto mgongoni toka asubuhi. Kwenye rangi hakugusia neno. Mistari ilituchukua Alhamisi mbili, kwa sababu Mwalimu alinifanya niipime yote upya nilipokosea kwa milimita tatu. Naye nesi, kwa kufuata sharti la tatu, alitufundisha kumpima mtoto anayelia: unampima kwanza mwanasesere wake. Benchi hatukuwahi kulifikia.

Hatukulifikia kwa sababu wiki iliyofuata kulikuwa na kikao cha walimu. Mkuu alisema Alhamisi hazina kumbukumbu, hazina picha, hazina saa zilizojazwa kwenye fomu, na hali ya mitihani ni hii mnayoiona. Huduma kwa jamii, alisema, sasa ina siku yake rasmi. Akanielekeza vipindi vile viwili niviwekee majaribio. Mwalimu Ulizeni alisimama. Tulidhani atahutubia, na mkuu nadhani alijiandaa kwa hotuba. Aliuliza tu.

"Wale wa kwenye nyumba, mmewauliza?"

Mkuu akasema suala hilo litaangaliwa. Mwalimu akatuzungushia macho, mmoja baada ya mwingine. Mwenzangu wa fizikia alikuwa ameona kitu cha maana sana kwenye kucha zake. Mimi nilifungua ratiba, nikachukua rula na kalamu nyekundu, nikapiga mstari mnyoofu. Unaweza kuupima. Ni mstari mzuri kuliko yote niliyowahi kupiga maishani, na kila nikiuona roho inaniuma.

Nyumba kumi na saba hazikuambiwa. Hilo ndilo linalonichemsha damu hadi leo. Shule yenye kengele, yenye vipaza sauti, yenye karani anayejua kupokea simu kwa adabu, haikumtuma hata mtu mmoja kuvuka barabara na kusema watoto hawatakuja tena. Nyuma ya soko anaishi mzee seremala, mjane, ambaye kwa miaka minane wanafunzi wetu walikuwa wakimjazia ndoo mbili kutoka bombani, naye akiwafundisha kupiga randa. Alhamisi ya kwanza alizitoa ndoo zake barazani saa nane mchana kama kawaida, akakaa. Jioni akazirudisha tupu. Ya pili akafanya vile vile. Ya tatu akavaa viatu, akakongoja hadi langoni kwetu, akamwomba mlinzi amwitie Mwalimu. Nilikuwa karibu, nikirekebisha ubao wa matangazo. Nilisikia.

"Nimewakosea nini watoto?" aliuliza. "Kama kuna siku niliwafokea, niombee radhi."

Mwalimu Ulizeni alimwomba radhi yeye. Alimshika mkono akamsindikiza hadi kwake, na nilimwona akirudi akitembea polepole, mwanamke ambaye hata tope la masika halijawahi kumpunguzia mwendo. Siku iliyofuata aliweka karatasi kwenye ubao ule ule niliokuwa nikirekebisha: anayetaka kuendelea na nyumba yake baada ya masomo, amfuate. Wanafunzi kumi na mmoja walimfuata. Kwa mwaka na nusu wamekwenda naye baada ya kengele ya mwisho, bila kipindi, bila cheti, yeye mbele na miwani yake, akiwa na magoti yanayolalamika. Kumi na mmoja hawatoshi nyumba kumi na saba, kwa hiyo zilizobaki alikuwa akizizungukia mwenyewe. Hakuna aliyempiga picha. Mpiga picha alikuwa na kazi nyingine: mwaka huu tumefagia ua wa soko uliokwisha kufagiwa asubuhi na wafagiaji wake, nao walisimama pembeni na mifagio yao wakitutazama.

Huyo ndiye mnayetaka niandike kwamba aliasisi Siku ya Huduma. Mwalimu, samahani. Umetufundisha miaka yote hii na wengi wetu tumepata sifuri. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi na sikuitumia kuandika neno hapana.

Mafanikio yake, kwa wanaotaka orodha: nesi mmoja asiyemgusa mtoto kabla ya kumwuliza mama yake. Karani mmoja. Fundi bomba anayezungukia nyumba za wazee kila mwanzo wa mvua na hajui kwamba hilo linaitwa huduma kwa jamii. Mkaguzi wa elimu mmoja, ambaye alipokuja kutukagua mwaka jana alipita madarasa yote haraka haraka, kisha akaomba aonyeshwe ile ramani ya nukta. Tulimwambia imehifadhiwa. Ukweli ni kwamba ilikuwa nyuma ya kabati, chini ya bango la mita sita. Nimeitoa, nimeipangusa, Ijumaa itakuwa imetundikwa ukumbini, na kaskazini yake iko mahali pake.

Sasa ninawaomba wazazi na wageni wote mgeuze kijitabu hiki mtazame jalada la nyuma. Hiyo ni ratiba ya muhula ujao. Ni desturi yetu kuichapa kwenye kijitabu cha mwisho wa mwaka, na kama kawaida mkuu ameisaini, Jumanne, akiwa anaongea na simu. Angalieni Alhamisi, vipindi viwili vya mwisho. Majaribio yamehamia Jumatatu asubuhi, wakati watoto wana akili. Penye mstari wangu mwekundu pameandikwa Nyumba, na kwenye safu ya mwalimu msimamizi kuna herufi za kwanza za jina langu. Mkuu wetu anayo haki ya kuifuta ratiba hiyo. Ninamwomba akitaka kuifuta aifute mbele yenu, nakala zikiwa mikononi mwenu, na kabla ya hapo azipitie nyumba kumi na saba aziulize.

Mimi nimekwisha kuanza. Wiki iliyopita nilikwenda kwa mzee seremala, mikono mitupu. Nilimweleza kwamba aliyewafuta watoto wake kwenye ratiba ni mimi. Akasema basi kumbe ni kweli hawakukasirika, kama Mwalimu alivyomwambia, na akanisogezea kigoda. Nilikuwa nimejipanga kabisa kwa ndoo. Nilishahesabu wanafunzi wangapi na safari ngapi za bombani. Nikakumbuka kuuliza. Akasema maji siku hizi anayo, jirani amemvutia bomba. Kinachomshinda ni mbao ndefu. Mikono bado anayo, lakini mbao ndefu inahitaji mtu wa kushika upande wa pili, na nesi wa zahanati ameshamwambia kuhusu benchi.

Kwa hiyo, Mwalimu Ulizeni, Alhamisi ya kwanza ya muhula tutakuwa barazani kwa mzee, tumeshika upande wa pili. Asante kwa miaka thelathini na mitatu. Asante kwa milimita tatu. Asante kwa kutonitazama kwa lile jicho ingawa nilistahili. Tunakutakia siku ndefu, magoti matulivu, na ramani zenye kaskazini. Sisi wenzako hatujamalizana nawe bado, maana ramani nimeiongezea nukta ya kumi na nane, mtaa wa nyuma ya maktaba, nyumba yenye mlango wa bluu ambayo watoto wake wamekua wakaondoka. Usishangae tukibisha hodi Alhamisi moja saa nane na nusu. Tutakuwa na swali moja tu, na sabuni hatuleti.